Pikipiki ya Mbio na Pikipiki ya Safari

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mwenzetu, mtumishi wa Serikali mjini Dodoma, mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa waliokusanyika katika bwalo la shule.)



Awali ya yote natoa shukrani zangu kwa heshima mliyonipa ya kusimama mbele yenu katika bwalo hili, ambamo zamani nilisimama kwa ajili ya kupanga foleni ya makande tu. Barua ya Ndugu Katibu ilinitaka nizungumzie jambo lolote ninalolijua vizuri, ambalo litawafaa wakubwa na vijana kwa pamoja. Nilifikiri sana. Kazi yangu ya ofisini ni ya mafaili na takwimu, na nikiieleza hapa nina hakika nusu yenu mtasinzia kabla chai haijaletwa. Kwa hiyo nimechagua kuzungumzia pikipiki.

Najua wapo watakaoguna. Watasema, mtu mzima wa miaka arobaini na ushei, mwenye shahada ya Mlimani na watoto watatu, anasimamaje mbele ya vijana kuzungumzia pikipiki? Naomba mnivumilie. Kwa muda wa mwaka mzima sasa nimekuwa nikipima jambo moja: niiache pikipiki yangu ya mbio na kuchukua pikipiki ya safari, ama nisiiache. Katika kulipima nimelazimika kufikiri juu ya barabara zetu, juu ya umri, juu ya fedha, na juu ya watu wanaoningoja nyumbani. Nadhani mambo hayo si ya mwendesha pikipiki peke yake.

Kwanza nieleze hali yangu. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Uamuzi huo ulikaa miaka mingi ukitekelezwa polepole, mpaka mwaka 2016 Serikali ilipoamua kuhamia huko kwa dhati, na mwaka 2018 ikatungwa sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu. Watumishi wengi tulihama pamoja na mafaili yetu. Mke wangu ni muuguzi hapa Arusha, watoto wanasoma hapa Arusha, na mama yangu mzazi yuko Ngaramtoni, na umri wake haumruhusu kuanza maisha mapya mahali pengine. Basi familia imebaki chini ya Mlima Meru, nami niko Dodoma. Kila baada ya wiki tatu au nne narudi nyumbani Ijumaa, na Jumapili naondoka.

Mwaka huo huo wa 2018 ilizinduliwa barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati, urefu wa kilomita 251, inayopita Mayamaya, Kondoa, Kolo na Bonga. Kabla ya hapo, safari ya njia ile ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika, na wengi walizunguka kwa Singida au kwa Morogoro na Chalinze. Ukiongeza kipande cha kutoka Babati kupita Magugu, Minjingu na Makuyuni hadi hapa mjini, safari yote ni kama kilomita 420. Ni barabara nzuri, na kwa mtu mwenye pikipiki ni kishawishi kikubwa.

Pikipiki yangu ni ya Kijapani, ya aina ya mbio, silinda nne, sentimita za ujazo 600. Niliinunua ikiwa imetumika, nikiwa na miaka thelathini na kidogo, na imenitumikia vizuri. Uzito wake ni kiasi cha kilo 190 ikiwa na mafuta, na uwezo wake wa kwenda unapita kilomita 250 kwa saa. Sina kinyongo nayo hata kidogo. Asubuhi ya baridi, ukitoka Sakina kupanda kuelekea Oldonyo Sambu, mlima uko kulia kwako, barabara ni tupu, na injini ile inaanza kuimba ikipita mizunguko 8,000 kwa dakika, hakuna kitu kinachofanana nayo. Nikisema kwamba sitaikosa siku ikiondoka, nitakuwa nawadanganya.

Lakini chombo hufanya vizuri kazi ile kiliyotengenezewa. Pikipiki za aina hii zilizaliwa katika viwanja vya mashindano. Mwaka 1985 Suzuki walitoa GSX-R750, ambayo ilikuwa karibu sawa na pikipiki ya mashindano iliyotiwa taa na namba, na viwanda vingine vikafuata mkondo huo. Usukani umeshushwa chini ili mwendeshaji alale juu ya tangi na kuukwepa upepo. Vikanyagio vimepandishwa juu na kurudishwa nyuma ili visikwaruze lami wakati wa kulala kwenye kona. Kiti ni chembamba kwa sababu mshindani hakai, bali huhama kila kona. Shokapu ni ngumu na husogea kidogo tu, kwa sababu uwanja wa mashindano hauna shimo. Kila kitu kina sababu yake, na sababu hiyo ni uwanja wa mashindano.

Sasa chukueni umbo hilo mlilete katika barabara ya Moshi. Kutoka Tengeru, Usa River, Maji ya Chai hadi Kikatiti mnajua matuta yalivyo. Mwili umelala mbele, na uzito wote wa kifua umeegemea viganja vya mikono. Kila tuta linapiga moja kwa moja kwenye viganja, likipanda hadi mabegani na shingoni. Ukiwa na miaka ishirini na mitano hulisikii. Ukiwa na miaka arobaini na mitano, unafika nyumbani na huwezi kufungua kifuniko cha chupa ya maji.

Hapa kuna jambo ambalo naomba vijana mlisikilize kwa makini, maana ndilo lililonifumbua macho. Kuna mwendo ambao pikipiki ya mbio huacha kuumiza mikono. Ukipita kilomita 120 kwa saa hivi, upepo unakipiga kifua na kukiinua, na uzito unaondoka kwenye viganja. Mwili unakuwa mwepesi, na unajiona umekaa vizuri kabisa. Ukipunguza mwendo na kuingia kijijini kwa kilomita 50 kwa saa, kama sheria inavyotaka, maumivu yanarudi. Maana yake ni kwamba chombo hiki kina raha pale tu ambapo sheria, ng'ombe na watoto wa shule hawaruhusu. Kinakulipa ukienda kasi na kukuadhibu ukienda taratibu. Mtu anaweza kuwa na busara nyingi sana, lakini akiwa juu ya kitu kinachomwadhibu kwa busara yake kwa saa sita mfululizo, busara hiyo huchoka.

Na hiyo kasi inadai nini? Nimefanya hesabu, na wanafunzi wa fizikia wanaweza kunisahihisha. Tuchukulie mwendeshaji anahitaji sekunde moja kuona hatari na kukamata breki, na kwamba breki ni nzuri na lami ni kavu. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, atasimama baada ya mita 28 hivi. Kwa kilomita 100 atahitaji mita 83. Kwa kilomita 150 atahitaji mita 166, yaani zaidi ya urefu wa kiwanja cha mpira na nusu. Mwendo umeongezeka mara tatu, lakini masafa ya kusimama yameongezeka karibu mara sita, kwa sababu kazi ya breki hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Kati ya Makuyuni na Babati mnapita Kwakuchinja, ambapo wanyama huvuka kati ya Tarangire na Manyara tangu kabla ya barabara kuwapo. Twiga hasomi alama za barabarani. Ng'ombe wa jirani zetu Wamasai hawasomi pia, na mchungaji wao mara nyingine ni mtoto wa miaka minane.

Wapo watakaonijibu kuwa kasi inaokoa muda. Mimi ni mtu wa takwimu, kwa hiyo hilo nalo nililipeleka kwenye karatasi. Katika kilomita 420, tuseme 40 ni za vijijini na mijini, ambazo wote tunapaswa kuzipita kwa kilomita 50 kwa saa. Hizo ni dakika 48. Zinabaki kilomita 380. Mwenye pikipiki ya mbio anayekwenda kwa kilomita 110 kwa saa atazimaliza kwa saa 3 na dakika 27. Jumla ni saa 4 na robo. Lakini kwa umri wangu, mikono na mgongo vinadai kusimama kila baada ya kilomita 70 hivi. Vituo vitano vya robo saa ni saa moja na robo. Jumla ni saa 5 na nusu. Sasa mchukueni mtu aliyeketi wima juu ya pikipiki ya safari, mwendo wake kilomita 90 kwa saa. Hizo 380 atazimaliza kwa saa 4 na dakika 13. Ongeza dakika 48 za vijijini, na vituo viwili tu vya robo saa, kimoja Kondoa na kingine Magugu. Jumla ni saa 5 na dakika 31. Ndugu zangu, tofauti ni dakika moja. Na huyu wa pili, akifika, anaweza kumbeba mwanawe.

Hebu sasa niieleze hiyo pikipiki ya safari kwa wale wasioijua. Mwaka 1974 Honda walionyesha Gold Wing kwa mara ya kwanza, injini ya silinda nne iliyolala, sentimita za ujazo karibu 1,000, isiyotumia mnyororo bali shafti. Mwaka 1976 BMW walitoa R 100 RS, iliyovikwa ngao kubwa ya mbele iliyopimwa kwa upepo wa maabara ili imkinge mwendeshaji. Tangu hapo aina hiyo imekuwa na ukoo wake. Usukani uko juu na karibu. Magoti hayakunjwi sana. Kiti ni kipana na kirefu, na nyuma kuna nafasi halisi ya abiria. Mbele kuna kioo cha kuzuia upepo na mvua. Pembeni kuna masanduku mawili ya mizigo. Tangi ni kubwa zaidi. Injini imetengenezwa itoe nguvu zake mapema, kwenye mizunguko 3,000 au 4,000, ili usihitaji kuipigisha kelele kila unapotaka kulipita lori la mahindi. Jambo hili lina faida hasa kwetu tunaoishi milimani. Injini isiyosukumiwa hewa hupoteza nguvu kadiri ya asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Arusha iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari.

Lakini nisije nikaonekana nimeajiriwa na wauzaji. Pikipiki ya safari nayo ina madhara yake, na mengine yanatugusa sisi moja kwa moja. Gold Wing ya siku hizi ina silinda sita, na ilikua mpaka ikafikia uzito wa karibu kilo 400. Chombo hicho kikikulalia kwenye matope ya njia ya Ngaramtoni mwezi wa Aprili, utaita kijiji kizima. Yamaha FJR1300 ina tangi la lita 25 na shafti, ni mashine ya kusifiwa, lakini ina kilo kama 290 na tumbo lake liko karibu na ardhi. Honda Deauville, iliyotoka mwaka 1998, ni ndogo na ya kiungwana, ina injini ya sentimita za ujazo 647, shafti, na masanduku yaliyojengewa humo humo. Hiyo niliipenda sana kwenye karatasi. Kisha nikakumbuka makorongo ya njia ya kwa mama baada ya mvua za masika, na lile vumbi letu jeusi la Meru, laini kama unga, linaloingia kila mahali na kuficha mawe. Pikipiki nyingi za safari zilitengenezwa kwa barabara za Ulaya, ambako lami hufika mpaka mlangoni.

Kwa hiyo uchaguzi wangu unaelekea kwenye aina ya tatu, ambayo ni ya safari lakini imeinuliwa miguu. Suzuki V-Strom 650, iliyoanza mwaka 2004, ina silinda mbili, tangi lake la toleo la kwanza ni lita 22, mtu huketi wima, na mashimo haiyaogopi sana. Inatumia mnyororo, kwa hiyo itabidi niusafishe na kuutia mafuta kila mara kama ninavyofanya sasa. Kioo chake si kikubwa. Hata hivyo inafika kwa mama, na hicho ndicho kipimo changu cha kwanza. Mtu asichague chombo kwa kutazama barabara nzuri kuliko zote anayoipita. Aitazame ile mbaya kuliko zote ambayo hawezi kuikwepa.

Katika kuyapima haya nilitambua jambo lililonichekesha. Mwendesha bodaboda pale Sakina, aliyeketi juu ya pikipiki ndogo ya sentimita za ujazo 125 au 150, ameketi vizuri kuliko mimi. Mgongo umenyooka, usukani uko juu, kiti ni kirefu, na abiria yupo. Neno lenyewe la bodaboda lilitoka mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, ambako watu walibebwa kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Tulipokuwa hapa shuleni katika miaka ya 1990, bodaboda hazikuwapo mjini Arusha. Tulipanda vifodi, ama tulitembea. Leo zina kanuni zake za leseni tangu mwaka 2010, na zinalisha maelfu ya nyumba. Vijana wale, kwa kutafuta riziki tu, wamejua kitu ambacho mimi nimekifikia kwa kuumwa viganja: kwamba pikipiki ni kwa ajili ya kubeba mtu na mzigo na kufika.

Nirudi sasa kwa watu wangu. Mke wangu si mtu wa maneno mengi. Kazi yake humkutanisha na majeruhi wa barabarani kila wiki, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kunikataza kupanda pikipiki. Siku moja tu, nilipokuwa nikifungasha Jumapili, aliniuliza, "Baba Upendo, hivi hiyo pikipiki ina kiti cha nani?" Nilimwambia ina kiti changu, na nyuma kuna kingine kidogo. Akasema, "Hicho cha nyuma nimekiona. Paka wa jirani ndiye anayeweza kukaa pale." Hakuongeza kitu. Lakini njia nzima, kutoka Kisongo hadi Dodoma, nililifikiria neno lile. Miaka kumi na zaidi nimemiliki chombo ambacho hakuna hata mmoja wa watu ninaowafanyia kazi anayeweza kusafiri nacho pamoja nami. Upendo, binti yangu mkubwa, yuko kidato cha tatu. Muda wa kumpeleka mtoto kuona michoro ya miambani ya Kolo, ambayo ilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006 na ambayo mimi naipita kila mwezi bila kusimama, si mrefu. Miaka mitatu ijayo atakuwa na safari zake mwenyewe.

Linabaki suala la fedha, na hapo ndipo nilipo sasa. Mshahara wa mtumishi mnaujua. Siwezi kununua hiyo ya pili kabla sijauza hii ya kwanza. Niliposema nauza, wateja hawakukosekana. Wa kwanza alikuwa kijana aliyemaliza hapa hapa miaka michache iliyopita. Yuko katika biashara, mambo yanamwendea vizuri, na ana adabu. Alinijia akasema, "Shikamoo kaka. Mimi nalipa taslimu, na sitaki unipunguzie hata shilingi." Bei aliyoitaja ilikuwa juu kuliko niliyoitegemea. Ingetosha kununua ile ninayoitaka, na chenji ikabaki.

Nikamwuliza, "Mdogo wangu, umeendesha pikipiki gani mpaka sasa?" Akataja pikipiki ya sentimita za ujazo 125. Nikamwuliza ana kofia ngumu ya namna gani. Akasema ataitafuta baadaye. Nikamwuliza kwa nini anaitaka hii. Akanijibu bila kuficha, "Kaka, ukipita nayo mjini kila mtu anageuka."

Sikumuuzia. Alikasirika, na nadhani bado hajaniwia radhi. Wapo wenzangu walioniambia kwamba mimi si baba yake, kwamba ni mtu mzima mwenye kitambulisho na leseni, na kwamba asiponunua kwangu atanunua kwingine. Yote hayo ni kweli. Lakini naifahamu pikipiki ile. Kusokota kidogo kwa kiganja, kiasi ambacho kwenye 125 hakileti hata mtikisiko, kwenye ile kinakutoa kilomita 60 hadi 120 kabla hujamaliza kushtuka. Mtu anaweza kuijifunza, kama nilivyojifunza mimi, akipanda ngazi moja baada ya nyingine: ndogo, ya kati, kisha kubwa. Ngazi huitwa ngazi kwa sababu ina vidato. Nilimwambia aanze na ya sentimita 250, aiendeshe miaka miwili, na nikamwambia nitamsaidia kuitafuta. Mlango huo haujafungwa, na kama yumo humu ndani leo, namwomba anikaribie wakati wa chakula.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, pikipiki ya mbio bado iko uani kwangu imefunikwa turubai, na pikipiki ya safari bado iko kwenye karatasi. Namngoja mnunuzi aliyekwisha kupanda vidato, hata kama atatoa kidogo. Kwa sasa narudi nyumbani kwa basi, na ninakiri kwamba basi nalo lina raha yake, kwa maana mtu anaweza kusoma.

Kabla sijaketi, naomba niseme mambo matatu kwa vijana, kwa kifupi.

La kwanza ni kofia ngumu. Sheria inamtaka mwendeshaji na abiria wote wawili waivae. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba kofia nzuri hupunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 40, na hatari ya kuumia kichwa kwa kiasi cha asilimia 70. Kichwa ndicho mlichokileta hapa shuleni. Msipande bodaboda ya mtu aliyeining'iniza kofia kwenye usukani. Na kofia iliyofungwa kamba tu ndiyo kofia, isiyofungwa ni sufuria.

La pili, msione haya kubadilika. Nilipokuwa kijana niliamini kwamba mtu akiacha kitu cha kasi na kuchukua cha taratibu, amezeeka na ameshindwa. Sasa naona kwamba kila umri una kazi yake, na kila kazi ina chombo chake. Mkulima hamdharau mtu anayeweka panga chini akachukua jembe. Anajua tu kwamba msitu umekwisha fyekwa na sasa ni wakati wa kupanda.

La tatu ni swali la mke wangu, nalo nawaachia ninyi mlitumie katika mambo mengine mbali na pikipiki. Siku mtakapopata kazi, mtakapopata fedha, mtakapopata cheo, kila mtakachojipatia jiulizeni: hiki kina kiti cha nani? Kama jibu ni kwamba kina kiti chenu tu, si lazima mkitupe siku hiyo hiyo. Vitu vingine mtu huvihitaji kwa ajili yake mwenyewe kwa kipindi fulani, na si dhambi. Lakini swali liwepo, na lirudiwe kila baada ya miaka michache, maana jibu la mtu wa miaka thelathini linaweza lisiwe jibu la mtu wa miaka arobaini na mitano.

Wale wanachama wenzangu wenye ujuzi wa V-Strom, ama wanaomjua fundi mwaminifu hapa mjini na mahali pa kupata spea zake bila kuagiza mbali, nitashukuru wakinitafuta baada ya kikao hiki. Nitakuwa karibu na meza ya chai.